Je, Kutelezesha Kidole Ni Uvumbuzi?

Tarehe 9 Januari 2007, katika mji wa San Francisco nchini Marekani, Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Apple, aliwaonyesha watu simu mpya ya kampuni yake iliyopewa jina la iPhone. Alipotaka kuifungua, aliweka kidole juu ya picha ndogo iliyokuwa sehemu ya chini ya kioo, akakitelezesha kuelekea kulia, na ile picha ikakifuata kidole hadi mwisho wa njia yake. Simu ikafunguka, na watu waliokuwamo ukumbini wakashangilia.

Kitendo hicho cha sekunde chache kiliwashughulisha majaji wa Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na Marekani kwa miaka kadhaa. Swali walilopelekewa ni jepesi kulitamka: je, picha inayotembea pamoja na kidole ili kufungua simu ni uvumbuzi, au ni jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angeweza kulifikia bila ya taabu? Majaji wa Ulaya walisema kuwa ni jambo la dhahiri. Huko Marekani, majaji walio wengi katika mahakama ya rufaa, wakiwa na simu ile ile ya zamani mbele yao kama ushahidi, waliamua kinyume chake. Makala haya yaeleza jinsi tofauti hiyo ilivyotokea, na kwa nini si rahisi kusema kwamba upande mmoja ulikuwa na akili na mwingine haukuwa nayo.

Hataza na masharti yake

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi kwa makubaliano maalumu. Mvumbuzi hueleza kwa maandishi namna kitu chake kinavyofanya kazi, ili kila mtu apate kusoma na kujifunza. Kwa malipo ya kuitoa siri hiyo, serikali humlinda kwa muda, ambao katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi, asije mtu mwingine akakitengeneza kitu hicho au kukiuza bila ya idhini yake. Muda ukiisha, kitu huwa mali ya wote.

Si kila kitu kinachostahili ulinzi wa namna hiyo. Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 na Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 zinataja masharti matatu ambayo hupatikana pia katika sheria za nchi nyingine nyingi. Vile vile yamo katika Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo kwayo ofisi iliyoko Harare hupokea na kuyachunguza maombi kwa niaba ya nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda. Sharti la kwanza ni kwamba kitu kiwe kipya. La pili ni kwamba kiweze kutumika katika kazi za uzalishaji. La tatu ni kwamba kiwe na hatua ya uvumbuzi, yaani kisiwe cha dhahiri machoni pa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile, akizingatia yote yaliyokwisha kujulikana kabla ya ombi kupelekwa.

Upya wa kitu hupimika. Mchunguzi hutafuta katika maandishi na bidhaa za zamani. Akikiona kitu kile kile kimekwisha kuwako, ombi limekufa. Udhahiri haupimwi hivyo. Hapa kitu chenyewe hakijapata kuwako, ila vipande vyake vimetawanyika huku na huku, na swali ni kama mtu angeviunganisha. Mtu huyo naye ni wa kufikiriwa tu. Huhesabiwa kuwa ameyasoma maandishi yote ya kazi yake katika lugha zote na kwamba hasahau kitu, lakini hana kipaji cha pekee: ni fundi mwema, si mvumbuzi. Hakuna mahakama iliyopata kumwita mtu huyo aje kutoa ushahidi.

Kutoka kitasa cha udongo hadi pedali ya gari

Inatokea kwa bahati tu kwamba shauri linalohesabiwa kuwa chanzo cha sharti hili katika Marekani nalo lilihusu mlango. Katika mwaka 1851 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua shauri la Hotchkiss na Greenwood, lililohusu vitasa vya kushikia vilivyotengenezwa kwa udongo wa kufinyanga. Vitasa vya mbao na vya chuma vya umbo lile vilijulikana, na namna ya kukifunga kitasa kwenye chuma chake ilijulikana pia. Kitu pekee kilichobadilika kilikuwa ni udongo kuchukua mahali pa mbao. Mahakama ilisema kwamba hiyo ilikuwa kazi ya fundi stadi, wala si kazi ya mvumbuzi.

Bunge la Marekani lililiandika sharti hilo katika sheria mwaka 1952. Mwaka 1966, katika shauri la Graham na kampuni ya John Deere lililohusu jembe la trekta la kulimia ardhi yenye mawe, Mahakama Kuu ilipanga mambo ya kuchunguzwa: ni yapi yaliyokwisha kujulikana, ni tofauti gani iliyopo baina ya hayo na kile kinachodaiwa kuwa kipya, na ujuzi wa kawaida wa mafundi wa kazi hiyo ni wa kiwango gani. Ikaongeza kwamba yaweza pia kutazamwa mambo ya pembeni, kwa mfano kama bidhaa ilipata soko kubwa, kama watu walikuwa wameihitaji kwa muda mrefu bila ya kuipata, au kama wengine walijaribu wakashindwa. Nyongeza hiyo ilionekana ndogo wakati ule. Miaka 50 baadaye ndiyo iliyoamua shauri la simu.

Tarehe 30 Aprili 2007, yaani baada ya iPhone kuonyeshwa na kabla haijaanza kuuzwa, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi mwingine mkubwa katika shauri la kampuni za KSR na Teleflex. Lilihusu pedali ya mafuta ya gari inayoweza kusogezwa kufuata urefu wa miguu ya dereva, ambayo ilifungwa kihisi cha umeme. Pedali za kusogezwa zilikuwako, na vihisi vilikuwako. Mahakama ilikataa kanuni ngumu iliyokuwa ikitumiwa na mahakama ya chini, kwamba lazima yaonyeshwe maandishi au sababu iliyo wazi inayomwelekeza fundi kuunganisha vipande hivyo. Fundi wa kawaida, ilisema, naye ana ubunifu wa kawaida, si mashine. Kuanzia hapo watu wengi walidhani kwamba hataza za kuunganisha vitu vya zamani zitaanguka kwa urahisi zaidi.

Hatari inayowakabili wote wanaolipima jambo hili inafahamika vizuri kwa kila aliyepata kutega vitendawili. Mtoto anayeambiwa kwa mara ya kwanza juu ya nyumba isiyokuwa na mlango hubabaika. Akiisha kuambiwa kwamba ni yai, hushangaa mwenyewe jinsi ambavyo hakuliona. Tangu hapo hawezi tena kukisikia kitendawili kile kama mtu asiyekijua. Jaji wa hataza yumo katika hali hiyo hiyo. Amekwisha kuliona yai, tena huenda analo mfukoni mwake, kisha anatakiwa aseme kama lilikuwa gumu kwa mtu ambaye hajaliona.

Picha inavyofuata kidole

Kabla ya kuingia katika mashauri yenyewe, yafaa ieleweke kitu kilichogombaniwa. Kioo cha simu ya kugusa kwa kweli ni vitu viwili vilivyowekwa pamoja: skrini inayoonyesha picha, na kihisi kinachotambua mguso. Katika simu ya iPhone kihisi hicho ni mistari myembamba mno inayopitisha umeme. Kidole kinapokaribia, hubadili kiasi cha chaji ya umeme inayoweza kukaa mahali pale. Katika simu nyingine, kama ile ya Neonode itakayotajwa baadaye, miali ya mwanga wa infraredi isiyoonekana kwa macho hupita juu ya kioo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kidole huikata. Kwa njia yoyote iwayo, matokeo ni namba mbili: umbali wa kidole kutoka ubavuni na umbali wake kutoka juu.

Programu ya simu huzipokea namba hizo mara nyingi katika kila sekunde, na kila zinapobadilika huichora picha upya mahali papya. Jicho huunganisha michoro hiyo na kuona mwendo mmoja, kama lionavyo katika sinema, ambayo kwa kawaida huonyesha picha 24 katika sekunde moja. Kwa hiyo picha haivutwi na kidole hata kidogo. Hufutwa na kuchorwa, hufutwa na kuchorwa, na mtumiaji huamini kwamba ameishika. Programu ikichelewa, picha hubaki nyuma na imani hiyo huvunjika mara moja.

Jambo hili halikuwa jipya mwaka 2005. Watumiaji wa kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 walikuwa wakiburuta vijipicha vya mafaili kwa kipanya. Wala Apple haikudai kumiliki mwendo wa picha kwa jumla. Ombi lake la kwanza, lililopelekwa tarehe 23 Desemba 2005, lilihusu kifaa cha mkononi chenye kioo cha kugusa ambacho hufunguliwa kwa kuihamisha picha maalumu. Hataza ya Marekani Na. 8,046,721, iliyotolewa Oktoba 2011 kutokana na ombi hilo, inadai mambo haya kwa pamoja: picha ya kufungulia iwe mahali palipowekwa tangu awali, mguso uanzie hapo, picha isogee mfululizo kadiri ya mwendo wa kidole, na kifaa kifunguke picha ikifika katika eneo lililotengwa. Dai moja lililogombaniwa sana liliongeza kwamba skrini ionyeshe pia alama ya kumwelekeza mtumiaji upande wa kutelezesha.

Kwa mtu wa pwani aliyezoea milango ya komeo, maelezo hayo yana ladha ya kitu cha zamani. Komeo nalo lina mahali pake pa kuanzia, njia yake na mahali pake pa kufikia, na jicho huliona likienda. Lakini komeo halikupelekwa mahakamani. Vilivyopelekwa vilikuwa viwili.

Simu ya Sweden na swichi za ukutani

Cha kwanza kilikuwa simu ya N1 ya kampuni ndogo ya Sweden iitwayo Neonode, iliyokuwa imekwisha kutangazwa na kuelezwa kabla ya ombi la Apple. Mwongozo wake ulimwambia mtumiaji abonyeze kitufe cha kuwashia. Maandishi yangetokea kwenye kioo kumwambia atelezeshe kidole kuelekea kulia ili kufungua. Akifanya hivyo, simu ilifunguka. Ni kutelezesha kulikokamilika, isipokuwa jambo moja: hapakuwa na picha yoyote iliyokwenda pamoja na kidole. Kidole kilipita juu ya kioo, na simu ilijibu mwishoni tu.

Cha pili kilikuwa utafiti wa Catherine Plaisant na mwenzake Daniel Wallace wa Chuo Kikuu cha Maryland, uliotolewa mwaka 1992 kwa maandishi na kwa filamu ya video. Walikuwa wakitafuta namna bora ya kuchora swichi za kuwasha na kuzima vyombo vya nyumbani kwenye skrini za kugusa zilizobandikwa ukutani. Walijaribu swichi za namna mbalimbali. Mojawapo ilikuwa ya kutelezesha: kidole hugusa kidude kilichochorwa na kukisukuma upande wa pili. Waandishi walitambua kwamba swichi hiyo si rahisi kuwashwa kwa bahati mbaya, kwa sababu kutelezesha ni kitendo kilicho tata kuliko kugusa. Hata hivyo watu waliojaribu hawakuipenda kama walivyopenda swichi za kubonyeza.

Msomaji sasa anavyo vipande vyote viwili. Katika Neonode umo ufunguaji wa simu kwa kutelezesha pasipo picha. Katika Maryland imo picha inayotelezeshwa pasipo simu. Je, fundi wa kawaida wa mwaka 2005 angevikutanisha?

Ulaya yajibu

Mahakama ya The Hague katika Uholanzi ndiyo iliyotangulia. Agosti 2011, katika uamuzi wa muda, ilionelea kwamba hataza ya Ulaya ya Apple huenda isingesimama mbele ya simu ya Neonode. Lakini uchunguzi wa kina ulifanyika London, ambako kampuni ya HTC ya Taiwan iliomba hataza hiyo ifutwe.

Mahakama za Uingereza zina desturi yake katika mambo haya, iliyopata umbo katika shauri lililoandikwa katika ripoti za mwaka 1985 juu ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga. Kampuni moja ilidai kuwa mvumbuzi wa ubao huo. Ikadhihirika kwamba mwaka 1958, katika kisiwa cha Hayling kusini mwa Uingereza, mvulana wa miaka 12 alijitengenezea ubao wa namna hiyo na kuutumia mbele ya watu wote pwani. Wa kwake ulikuwa na boriti zilizonyooka, ilhali wa kampuni ulikuwa na boriti zilizopinda. Lakini boriti za mvulana nazo zilipinda upepo ulipozikaza. Hataza ilifutwa. Kutokana na shauri hilo majaji hujiuliza kwa utaratibu: kiini cha dai ni nini, tofauti yake na yaliyojulikana ni ipi, na je, tofauti hiyo, ikitazamwa bila ya kukijua kilichodaiwa, ni hatua ya dhahiri kwa fundi?

Jaji Floyd aliufuata utaratibu huo Julai 2012. Tofauti baina ya Neonode na dai la Apple, alionelea, ni kumwonyesha mtumiaji kwa macho kwamba anachokifanya kinafanyika. Kila mbunifu wa skrini alijua kwamba mtumiaji asipopata jibu hubabaika, na vidude vya kutelezesha vilikuwa sehemu ya maarifa ya kawaida. Kuiongezea Neonode kidude cha aina hiyo ni uboreshaji uliokuwa wazi kufanywa. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye Mei 2013. Katika Ujerumani mahakama maalumu ya hataza iliifuta hataza hiyo Aprili 2013, na mahakama ya juu kabisa ya mashauri ya madai ya huko, iliyoko Karlsruhe, ikauthibitisha uamuzi huo Agosti 2015.

Katika Ujerumani hiyo hiyo kulitokea jambo la kuchekesha kidogo. Hataza nyingine ya Apple ilihusu picha zinazofika ukingoni mwa skrini, zikapita kidogo, kisha zikarudi kama zilizofungwa mpira. Septemba 2013 mahakama ya hataza iliifuta. Ushahidi ulioiangusha haukutoka kwa mshindani: ulikuwa filamu ya Steve Jobs mwenyewe akiwaonyesha watu jambo hilo Januari 2007, kabla ya ombi kupelekwa. Sheria ya Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kupeleka ombi baada ya kukionyesha kitu chake. Sheria ya Ulaya kwa kawaida haimpi hata siku moja. Wanafunzi na mafundi wanaopeleka vitu vyao kwenye maonyesho kabla ya kuuliza ofisi ya hataza wangefanya vema kulikumbuka shauri hilo.

Marekani yajibu kwa njia nyingine

Huko California Apple iliishitaki kampuni ya Samsung ya Korea Kusini kwa hataza kadhaa. Mei 2014 jopo la raia wa kawaida, ambalo ndilo huamua mambo ya hakika katika mashauri ya namna hiyo, liliamuru Samsung ilipe jumla ya dola 119,625,000. Katika fedha hizo, sehemu ya kufungua simu kwa kutelezesha ilikuwa dola 2,990,625 tu. Kiasi kikubwa kilihusu hataza nyingine, ya kuitambua namba ya simu au anwani ndani ya maandishi na kuigeuza kuwa kitu cha kugusa.

Samsung ilikata rufaa. Tarehe 26 Februari 2016 majaji watatu wa mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Washington walisema karibu yale yale yaliyosemwa London: Neonode na utafiti wa Plaisant vikiwekwa pamoja, dai la Apple ni la dhahiri. Ushangiliaji wa watu, walionelea, hauwezi kuokoa jambo ambalo udhahiri wake una nguvu kiasi hicho. Lakini tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo mahakama hiyo hiyo, safari hii majaji wake wakiketi kwa pamoja, iliugeuza uamuzi huo kwa kura 8 dhidi ya 3.

Hoja ya walio wengi haikuwa kwamba wao wenyewe waliuona uvumbuzi mkubwa katika picha ile. Ilikuwa kwamba jopo la raia lilisikia ushahidi wa pande zote mbili na kuuamini upande mmoja, na kwamba jaji wa rufaa hana ruhusa ya kuupima upya ushahidi huo ikiwa mtu mwenye busara angeweza kuuamini. Mtaalamu wa Apple alikuwa amelieleza jopo kwamba mbunifu wa simu ya mfukoni asingekwenda kutafuta shauri kwenye swichi za ukutani. Ukuta hauingii mfukoni, kwa hiyo hauna tatizo la kujipigia simu wenyewe. Tena maandishi ya Plaisant yenyewe yalisema kwamba watu walipenda zaidi kubonyeza.

Hapo ndipo yalipoingia yale mambo ya pembeni ya mwaka 1966. Greg Christie, mmoja wa wavumbuzi, alikuwa ameeleza jinsi simu za kugusa zilivyosumbua kwa kuwaka zenyewe mfukoni na jinsi wabunifu walivyohangaika nalo. Karatasi za ndani za Samsung zilionyesha wabunifu wake wakilinganisha ufunguaji wa simu yao na ule wa iPhone, na kupendekeza kuufuata. Na ile filamu ya Januari 2007, iliyokuwa sumu kwa Apple katika Ujerumani kwa hataza nyingine, hapa ilikuwa dawa: watu wanaoijua kazi hiyo walikuwa wameliona jambo hilo na kulishangilia. Ikiwa lilikuwa dhahiri, walishangilia nini?

Hoja hiyo ina uzito, lakini pia ina ufa, na majaji watatu waliopinga waliuona. Prost, Dyk na Reyna waliandika kila mmoja kwa njia yake kwamba mambo ya pembeni yamepewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Watu hushangilia kitu kizuri, wala si kila kizuri ni kigumu kufikirika. Simu hununuliwa kwa mamilioni kwa sababu mia moja, na ni vigumu kuonyesha kwamba mnunuzi mmoja alivutwa na namna ya kuifungua. Dyk aliona kwamba wenzake wanairudisha ile kanuni ngumu iliyokataliwa katika shauri la pedali mwaka 2007.

Kwa hiyo kilichotofautiana baina ya London na Washington si vipande vya ushahidi tu, bali ni nani anayeulizwa, na lini. Katika London jaji mmoja, baada ya kuwasikia wataalamu, hujiuliza mwenyewe juu ya hatua ya kiufundi, na ushangiliaji humsaidia kidogo tu. Katika Marekani raia wasio wataalamu huulizwa kwanza, kisha majaji huulizwa kama raia hao walikuwa na msingi wa kusema walivyosema. Njia ya kwanza humwacha jaji peke yake na kile kitendawili alichokwisha kukitegua. Njia ya pili hujaribu kumwepusha na hatari hiyo kwa kutazama watu wa wakati ule walifanya nini kwa hakika, lakini huweza kuichukua sifa ya bidhaa nzima na kuivisha sehemu yake ndogo.

Mambo haya hayawahusu matajiri wawili peke yao. Vipande vya skrini zinazobadilika mbele ya mtumiaji ni vidogo vidogo, na karibu vyote vimejengwa juu ya vingine: orodha inayotelezeka, alama inayogeuka rangi ikiguswa, picha inayokua kwa vidole viwili. Kipimo cha udhahiri kikiwa cha chini mno, kila kipande hupata mwenyewe, na mtengenezaji wa programu mwenye vijana watatu na chumba kimoja hawezi kujua ni ukuta wa nani anaougonga. Kikiwa cha juu mno, anayehangaika miaka miwili kutafuta namna iliyo bora humwona mshindani mkubwa akiichukua katika mwezi mmoja. Wabunifu waliizunguka hataza hii walivyoweza. Simu ya Galaxy S III ya Samsung ya mwaka 2012 ilifunguka kwa kutelezesha kidole popote kwenye kioo, na mahali pa picha ya kuhamishwa palionekana viwimbi kama vya maji. Kwa maneno mengine, ulikuwa ni ufunguaji wa Neonode uliotiwa pambo.

Samsung ilipeleka shauri mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 6 Novemba 2017 ilikataa kulisikiliza. Juni 2018 kampuni hizo mbili zilipatana nje ya mahakama juu ya magomvi yao yote ya hataza, kwa masharti ambayo hayakutangazwa. Apple yenyewe ilikuwa imekwisha kuachana na picha ile. Katika programu mpya ya simu zake iliyotolewa Septemba 2016, majuma machache kabla ya mahakama ya Washington kuithibitisha hataza, mtumiaji alitakiwa kubonyeza kitufe.